Hatua Sabini na Mbili za Kinyumenyume

Waliokuwepo siku ile walikuwa watano, na wa tano alikuwa amelala. Alikuwepo Sekela, mama wa mtoto. Alikuwepo Bibi Atuganile, mama mkwe wake. Alikuwepo Tumpale, wifi yake, mdogo wa mume. Alikuwepo Mama Lugano, mfua nguo, jirani wa ukuta mmoja. Na alikuwepo mtoto mwenyewe, msichana wa siku arobaini, ambaye hakuwa bado na jina. Ambokile, baba wa mtoto, alikuwa zamuni kwenye kiwanda cha chai. Hata angekuwa nyumbani asingekwenda, maana katika ukoo wao safari ya arobaini ni ya wanawake peke yao.

Sikilizeni vizuri, wakubwa kwa wadogo, na aliyebeba mtoto amlaze kwanza. Mwisho wa habari hii mna kazi ya kufanya.

Tumpale alikuwa na kipaji cha miguu. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na kila alipotembea alihesabu hatua, hata akiwa anaongea na mtu. Ukimwuliza kutoka sokoni hadi zahanati ni hatua ngapi, atakwambia, kisha ataongeza ni nyumba zipi zenye mbwa.

Mama Lugano alikuwa na kipaji cha maji. Miaka kumi na tisa alifua nguo za watu katika Mto Lufumbi. Akitumbukiza mkono alijua kama mlimani kumenyesha, hata kama mjini jua linachoma migongo. Wenzake wakianza kufua, yeye alikuwa anakunja nguo zake na kuwaambia, "Mimi naenda zangu, leo mto una hasira." Hawakumcheka mara mbili.

Bibi Atuganile alikuwa na kipaji cha neno. Hakuwa msemaji sana. Lakini walipogombana watu hadi hawasalimiani, alikuwa akienda kwa mmoja kuomba chumvi na kwa mwingine kuomba kiberiti, na jioni ungewakuta wote wawili jikoni kwake wakipepeta mchele. Alijua kumwambia mtu jambo bila kumwachia aibu.

Na Sekela? Sekela siku hizo alijiona hana kipaji chochote isipokuwa kuogopa. Mtoto wake wa kwanza, msichana pia, alifariki akiwa na siku thelathini na moja. Alizikwa bila jina, kwa sababu ukoo ule hautoi jina kabla ya arobaini. Kwa hiyo huyu wa pili alipozaliwa, Sekela hakumtoa chumbani. Kila mtoto aliposinzia, alimwekea kidole chini ya pua ili asikie pumzi. Siku ya thelathini na moja hakula kitu. Siku ya thelathini na mbili Mama Lugano alipitisha mkono dirishani na bakuli la uji wa ulezi, akasema tu, "Nimepika mwingi, nisaidie," akaondoka kabla hajajibiwa.

Sasa ujueni mila yenyewe, kwa kuwa mambo yote yalikwama hapo. Siku ya arobaini mtoto hupelekwa kwenye kivuko cha zamani cha Mto Lufumbi, akaguswa uso kwa maji. Aliyembeba hageuki nyuma mpaka maji yamguse mtoto. Akigeuka, wanasema, mtoto naye atageuka, arudi alikotoka. Na aliyemfikisha mtoto majini ndiye anayempa jina, siku hiyohiyo, kabla jua halijazama.

Zamani walipita kwenye matete na tope. Lakini mwaka ule halmashauri ilikuwa imejenga njia ya matofali ya saruji kando ya mto, kutoka darajani mpaka kivukoni, yenye mabenchi ya kupumzikia. Wiki moja kabla ya arobaini, Tumpale aliingia chumbani kwa Sekela na karatasi mkononi.

"Wifi, nimeipima. Hatua elfu moja mia mbili na kumi. Zangu. Za mama ni elfu moja na mia sita."

"Za kwangu umezihesabu lini?" Bibi Atuganile aliuliza kutoka mlangoni.

"Jumapili ulipotoka kanisani, mama. Unatembea kama unasaka sindano."

"Nasaka adabu yako, ilianguka huko njiani."

Mama Lugano, aliyekuwa akikunja nepi kwenye mkeka, alicheka. Sekela hakucheka. Alikuwa anaiangalia karatasi. Tumpale alikuwa amechora mto, njia, mabenchi matatu, na mahali penye kivuli saa tatu asubuhi. Alikuwa ameweka alama palipo na tofali lililoinuka, mtu asije akajikwaa.

"Baada ya benchi la pili kuna ukuta wa mawe upande wa kulia," Tumpale alieleza. "Mrefu kuliko mtu. Kushoto mto, kulia ukuta. Hapo ni hatua mia nne, hakuna pa kutokea. Mbele yake njia inashuka kidogo, halafu kivuko."

"Na akilia?" Sekela aliuliza.

"Atalia. Ni mtoto."

"Na mkono ukinichoka?"

"Utakuchoka kwenye benchi la kwanza, sio kabla. Nimepita na kilo nne za mchele nimezifunga kifuani. Watu waliniona chizi, lakini sasa najua."

Sekela alimtazama wifi yake. Alimwona kwa macho ya moyo, msichana wa watu, amebeba mchele kama mtoto, akihesabu njia nzima.

"Na nikishindwa katikati?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Siwezi kurudi. Nikishindwa je?"

Tumpale aliangalia karatasi yake. Hilo hakuwa ameliandika.

Mama Lugano aliweka nepi ya mwisho juu ya nyingine, akazipigapiga. "Ukishindwa utakaa kwenye benchi, na sisi tutakaa. Hata mpaka jioni. Mimi nguo zangu ziko kambani, sina pa kukimbilia."

Basi wakapanga. Tumpale angetangulia kuongoza. Mama Lugano angebeba maji ya kunywa na nepi, na Bibi Atuganile angefuata nyuma, kwa sababu goti lake lilikuwa bovu. Walipanga saa ya kutoka, nguo za mtoto, nani atashika mwavuli. Hakuna aliyeuliza juu ya mlima. Kuanzia mkekani mpaka mlangoni, hakuna.

Siku ya arobaini kulikucha na jua safi. Walitoka saa mbili na nusu. Darajani Sekela alisimama, akamkumbatia mtoto kifuani. Hakuna aliyemwambia twende. Bibi Atuganile alijifanya anafunga kamba ya kiatu, ingawa alivaa kandambili. Baadaye kidogo Sekela akaweka mguu juu ya tofali la kwanza, kisha la pili.

"Moja, mbili," Tumpale alihesabu taratibu.

Walipumzika benchi la kwanza, wakapumzika la pili. Mtoto alilala usingizi mzuri, mdomo wazi. Sekela alihisi upepo shingoni, kitu ambacho hakuwa amekihisi kwa siku arobaini, akasema, "Kumbe nje ni pazuri." Wote watatu walitazama pembeni ili asiwaone walivyofurahi.

Pale kwenye benchi la pili Mama Lugano aliona mto umebadilika. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na juu yake yalielea majani ya mianzi. Mianzi haioti mjini. Iko mlimani tu. Alifungua mdomo. Akamwona Sekela anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Akaufunga.

Wakaingia kwenye njia ya ukutani.

Walikuwa wamekwenda karibu nusu yake Mama Lugano aliposimama ghafla. Aliinamisha kichwa kama mtu anayeitwa kwa mbali. Chini ya maji, mawe madogo yalikuwa yanabingirika, sauti kama ya kunde zinazochekechwa kwenye ungo.

"Simameni," alisema. "Mto unakuja."

"Mto si huu hapa?" Tumpale alisema.

"Huu ni wa jana. Wa leo uko nyuma yake, na ni mkubwa. Mlimani kumenyesha. Tutoke hapa sasa hivi!"

Tumpale alitazama mbele. Mwisho wa ukuta ulikuwa hatua mia mbili na zaidi, na baada yake njia ilikuwa inashuka kuelekea majini. Maji yalikuwa yameanza kulamba ukingo wa matofali.

"Mbele hatuwahi," alisema. Kisha akafumba macho, akihesabu kichwani. "Nyuma. Kuna ngazi nyuma, hatua sabini na mbili, nyuma ya kichaka cha miiba. Ngazi ya wafagiaji. Hamjaiona kwa kuwa haionekani. Juzi nilimwuliza mfagiaji, wewe unashukia wapi kila siku na ufagio wako, akanionyesha. Geukeni!"

Sekela hakugeuka.

Maji yaligusa vidole vya miguu yake, baridi, yakarudi. Alimkaza mtoto kifuani. Macho yake yalikuwa mbele, makavu, makubwa.

"Wifi, geuka!"

"Sigeuki."

"Sekela, maji!"

"Nimesema sigeuki! Yule alirudi alikotoka. Huyu simrudishi. Nipiteni, nendeni, mimi naenda mbele."

Na kweli alipiga hatua mbele. Tumpale alimshika mkono, Sekela akauchomoa kwa nguvu, nusura ateleze, mtoto akaamka na kulia. Mama Lugano alipiga kelele. Maji sasa yalifika kwenye kifundo cha mguu na hayakurudi tena.

Bibi Atuganile alikuja akichechemea, akasimama nyuma ya mkwewe. Hakumshika kwa nguvu. Aliweka mikono miwili kiunoni mwake, taratibu, kama anavyofanya mtu anayemfunga mwenzake khanga.

"Mwanangu," alisema sikioni mwake. "Nani kakwambia ugeuke?"

Sekela alikuwa anatweta.

"Mila inasema usigeuke. Haisemi miguu ielekee wapi. Tazama kivuko. Mtazamishe mtoto kivuko. Usikiachie macho hata kidogo. Halafu njoo kwangu, kinyumenyume. Mimi niko nyuma yako, siendi popote."

Sekela alinyanyua mguu, akaurudisha nyuma. Ukakanyaga tofali.

"Moja," Tumpale alihesabu.

Hivyo ndivyo walivyokwenda. Tumpale alishika ukuta na kuhesabu. Bibi Atuganile, mwenye goti bovu, alirudi nyuma akimvuta mkwewe kwa kiuno. Mama Lugano alikaa upande wa mto, kati ya maji na mama, akiyasikiliza na kusema, "Simama, linapita wimbi. Sasa twende. Simama. Twende." Hatua ya ishirini maji yalifika nusu ya muundi. Hatua ya arobaini lilipita gogo, na Mama Lugano alilisukuma kwa paja, akaumia, akarudi mahali pake. Hatua ya sitini na mbili Bibi aliteleza akapiga goti lilelile, akainuka, mikono haikuachia kiuno. Mtoto alilia wakati wote, na Sekela alimwambia, "Tazama mbele, mama. Tazama mbele."

"Sabini na mbili!"

Tumpale aliingiza mkono kwenye miiba, akakifungua kichaka. Ngazi ilikuwepo. Na kwa bahati ilipanda ubavuni mwa ukuta kuelekea kivukoni, kwa hiyo hata kupanda, Sekela hakukipa kivuko mgongo. Walipofika juu waliketi kwenye majani wote wanne, na mto ukapita chini yao juu ya matofali, mweusi, ukiwa na matawi na mlango wa banda la kuku la mtu. Jioni watu waliwaambia kwamba benchi la tatu liling'olewa.

Mama Lugano alikuwa anakamua khanga yake. Bibi Atuganile alimtazama, akashika pindo lenye maji, akamgusa mtoto paji la uso.

"Maji yamekuja yenyewe," alisema. "Arobaini imekwisha."

Ndipo Sekela akalia, na walimwacha alie.

Nyumbani, baada ya chai, likaja suala la jina. Aliyemfikisha mtoto majini ndiye anayempa. Miaka yote lilikuwa jambo jepesi. Mmoja aliongoza, mmoja akatoa jina. Leo wakatazamana.

Tumpale ndiye aliyeanza, mikono yake imefungwa kitambaa kwa sababu ya miiba. "Mimi nilipima njia. Nilibeba mchele. Bila ile ngazi, mama, neno lako lingetupeleka kinyumenyume mpaka wapi? Mtoto huyu ni Faraja."

"Na mila iliyotaka kumwua mama yake aliishika nani kama si mimi?" Bibi Atuganile alisema. "Niliishika, nikaifungua. Ngazi aliijua Tumpale, lakini mwenye mtoto alikuwa haendi kwenye ngazi. Mngemburuta, mtoto angeanguka majini. Nataka aitwe Subilaga, jina la mama yangu."

Mama Lugano alikuwa amekaa karibu na mlango kama mgeni.

"Na wewe?" Bibi alimwuliza.

"Mimi si wa ukoo."

"Nimekuuliza wewe, sijauliza ukoo."

Mama Lugano alipapasa paja lake lililovimba. "Nisingeusikia mto, mngekuwa mmefika pale chini njia inaposhuka. Pale hapana ngazi wala neno. Ningepewa, ningemwita Tegemea."

"Lakini uliona mapema," Tumpale alisema ghafla. "Nilikuona pale benchi la pili. Uliangalia maji ukanyamaza!"

Mama Lugano aliinamisha uso. "Ni kweli. Alikuwa anatabasamu. Nilishindwa kumkatisha."

"Na wewe, Tumpale," Bibi alisema polepole, "karatasi yako ilikuwa na mabenchi, vivuli na matofali. Mlima haukuwepo."

Tumpale aling'ata mdomo, machozi yakamlenga. Kisha akanyanyuka, akaenda kumkanda Mama Lugano paja kwa maji ya moto.

Walimpigia simu Ambokile. Alisikiliza habari yote, wakasikia mashine za chai zinanguruma nyuma yake. "Mke wangu yuko salama?" aliuliza. "Mtoto yuko salama? Basi mimi sina la kusema. Aamue mama yake."

Bibi Atuganile alimkabidhi Sekela mtoto. "Umesikia, mwanangu. Jua limefika kwenye paa la jirani. Mtoto wa kwanza alikwenda bila jina. Huyu hatalala bila jina."

Sekela aliwatazama mmoja mmoja. Alimwona aliyembebea mchele. Alimwona aliyempitishia uji dirishani. Alimwona aliyemshika kiuno na kumwambia siendi popote. Ukiondoa mmoja, yeyote yule, yeye na mwanawe wasingekuwa pale kwenye mkeka. Na jina moja haligawanyiki vipande vitatu. Nje, watoto wa jirani walikuwa wanaitwa waje kuoga. Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya paa.

Sasa ninyi mliokaa hapa. Mpimaji wa njia, msikilizaji wa mto, na mwenye neno: ni nani aliyemfikisha mtoto majini? Au mwasema ni Sekela mwenyewe, aliyetembea hatua sabini na mbili bila kuona anakokwenda? Semeni, na kila mmoja atoe sababu yake. Wewe ungempa nani haki ya jina?

Jina lilitolewa jioni ileile, na mtoto ana jina moja tu.